Namna ya Kuchukua Kazi ya Mwenzio Mchana Kweupe

Ukitaka kujifunza kuchukua mali ya watu bila dhambi, njoo Kibirizi hapa Kigoma alfajiri. Mitumbwi inarudi na taa zake, dagaa wanashushwa, wanunuzi wanasogea. Dagaa wakishakauka wanatiwa kwenye magunia, wanapanda treni au lori, na baada ya siku chache wako Dar es Salaam. Sasa msikilize muuzaji wa kule. Hakuvua yeye, hakuanika yeye, na ziwa lenyewe huenda hajawahi kuliona. Lakini neno analolipigia kelele tangu asubuhi ni moja: dagaa wa Kigoma! Anataja mali ilikotoka, na kwa kuitaja anauza ghali kuliko jirani yake mwenye dagaa wa Mwanza. Faida anatia mfukoni mwake. Jina la Kigoma limemfanyia kazi, naye hakulilipia hata senti tano.

Sogea karibu basi, kijana wa Mwanga, wa Gungu, wa Ujiji, wewe unayeandika programu za kompyuta usiku umeme ukiwa umetulia. Nataka kukufundisha biashara ya yule muuzaji.

Kuna hazina ya programu imewekwa wazi duniani, inaitwa programu huria. Msimbo wake wote uko hadharani. Unaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha, kuutumia kazini, hata kuuza unachojenga juu yake. Humwombi mtu, humlipi mtu. Masharti yapo, na yanatofautiana, ila lipo moja utakalolikuta karibu kila mlango: usifute jina la aliyeandika. Wavivu wengi wanadhani njia ya mkato ni kulifuta. Wameupata uvivu, mkato wameukosa. Nifuate nikuonyeshe.

1. Chukua, tena usione haya

Mtu akikuagiza mfumo, usianze na ukurasa mtupu ili kuthibitisha uanaume. Hospitali na zahanati za Tanzania, Maweni ya hapa Kigoma ikiwemo, zinapeleka takwimu zao kwenye DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, na walioiendeleza wametoka nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwao. Wizara ya Afya haikuona aibu kusimama juu ya msingi uliomwagwa na wengine. Wewe unaona aibu ya nini?

Ukitaka ramani, usipite mtaa kwa mtaa na kalamu. OpenStreetMap imechorwa na watu wa kujitolea, na hapa Tanzania miradi ya Ramani Huria na Crowd2Map, iliyoanza mwaka 2015, ilitia mitaa na vijiji ambavyo ramani za kulipia zilikuwa zimeviruka. Chukua. Waliichora ili ichukuliwe. Andika tu pembeni ya ramani yako kwamba imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, weka na kiungo cha leseni yao, umemaliza. Ni mstari mmoja wa maandishi madogo, na umepata kazi ya maelfu ya watu.

2. Hakikisha mlango umefunguliwa kweli

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tulia kidogo.

Msimbo kuonekana na kila mtu hakujaufanya huria. Mtumbwi uliovutwa ufukweni Katonga bila kufuli haujawa wako kwa sababu umeupita ukauona. Kinachofungua mlango ni leseni: faili moja dogo, kwa kawaida linaitwa LICENSE, ambamo mwandishi anasema mwenyewe amekuruhusu nini. Faili hilo lisipokuwepo, na wala hakuna tamko jingine la leseni, jua kwamba hajakuruhusu kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Ulinzi huo unaanza mtu anapoandika, bila kujisajili popote wala kugonga muhuri.

Njia ya mkato ipo. Mwandikie mwenye kazi sentensi tatu: mimi ni fulani, niko Kigoma, nimeipenda programu yako nami nataka kuitumia kwa jambo hili, je, utaiwekea leseni? Watu wanaandika programu kwa miaka bila kusikia sauti ya mtu. Barua kutoka kando ya Ziwa Tanganyika itamfurahisha, na mara nyingi tatizo ni kwamba alisahau tu.

3. Soma, maana nyingine ni fupi kuliko mkataba wa kupangisha chumba

Leseni ya MIT ina maneno yasiyofika mia mbili. Chai haitapoa. Inakuruhusu karibu kila kitu, na inakutaka ubaki na mambo mawili kila unapogawa nakala: mstari wa hakimiliki wenye jina la mwandishi, na maneno ya leseni yenyewe. Basi. Leseni ya BSD yenye vifungu vitatu, ambayo DHIS2 inaitumia, inataka hayohayo, kisha inakukataza kutangaza bidhaa yako kana kwamba wale waandishi wameipendekeza. Nalo ni jambo la haki. Kumtaja mtu ni tofauti na kumfanya shahidi wako.

Apache ya mwaka 2004 inaongeza kazi kidogo: mafaili uliyoyagusa yawe na alama kwamba umeyabadilisha, na faili la NOTICE likiwepo, liendelee kusafiri na programu.

GPL ndiyo inayowatisha watu, na inawatisha kwa sababu hawajaisoma. Inasema hivi: ukimpa mtu programu hii, au uliyoijenga kutokana nayo, mpe na msimbo wake, na haki ulizopewa wewe naye azipate. Ukiitumia ofisini kwako bila kumgawia mtu wa nje, hudaiwi kitu. Dada yake, AGPL, anakwenda mbele hatua moja: hata kama programu umeibadilisha na iko kwenye kompyuta yako tu, watu wakiitumia kupitia intaneti, wana haki ya kuupata msimbo. Chagua kabla hujajenga. Ukimwahidi mteja kwamba msimbo utakuwa siri yake peke yake, usianze na GPL halafu ukaja kulia. Kwa mteja wa namna hiyo ziko MIT, BSD na Apache.

Umepata kiini cha leseni za programu huria utakazokutana nazo mara nyingi, na imekuchukua dakika mbili. Waliokuwa wakifuta majina bado wako kwenye faili la nane.

4. Badilisha jina la chombo, jina la fundi liache

Kila mtu wa Kigoma ameisikia Liemba. Meli ile iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha elfu kadhaa, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda Reli ya Kati mpaka hapa, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Jina lake wakati huo lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, na inasimuliwa kwamba mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, ili atakayeiopoa aikute nzima. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Itazame historia hiyo kama mwandishi wa programu. Chombo kilibadilishwa mmiliki, kikabadilishwa bendera, kikabadilishwa jina, na baadaye kikabadilishwa hata injini. Yote hayo yanaruhusiwa. Lakini hakuna aliyefaidika kwa kusema meli ilitengenezwa hapa Bangwe. Kila fundi aliyeitia mkono baadaye alihitaji kujua ilitoka wapi, michoro yake ikoje, mabamba yake yaliunganishwa kwa ribiti za namna gani. Jina la karakana ni sehemu ya chombo. Ndivyo lilivyo jina la mwandishi juu ya faili la msimbo: linakuambia umuulize nani pakivuja.

Mimi nililipa ili kulijua hili. Niliwahi kutengeneza programu ya kupokea bei za samaki kwa ujumbe mfupi, na nusu yake ilikuwa kazi ya mtu mwingine, yenye leseni ya MIT. Nilifuta jina lake katika kila faili, nikabadilisha majina ya vigezo, nikapanga upya mistari, ili mteja asijue. Nilitumia usiku wa siku tatu kuficha kazi ambayo kuitumia wazi kungenichukua jioni moja. Mwaka uliofuata ujumbe ukaanza kupotea. Mwandishi wa asili alikuwa ameliona tatizo lile miezi mingi nyuma, ameshalitibu na kutoa toleo jipya. Sikuweza kulipachika, kwa sababu kwa mikono yangu nilikuwa nimeugeuza msimbo wake usifanane tena na wa kwake. Wala sikuweza kumwandikia nimwombe msaada, ningemwambia nini? Wauza samaki walikosa bei kwa wiki nzima, na kosa lilikuwa langu.

Basi fanya lililo rahisi. Faili la LICENSE liache lilipo. Mistari ya hakimiliki iliyo juu ya mafaili iache ilivyo, na ukiongeza kazi yako, ongeza mstari wako chini ya wa kwao. Kazi ya wengine iweke kwenye folda yake, bila kuivuruga. Fungua faili moja la shukrani, uandike jina la programu, mwandishi, leseni, na mahali ulipoitoa. Kunakili na kubandika, dakika tano kwa mradi mzima. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, nayo inatunza jina la kila aliyeandika kila mstari, kwa hiyo chukua mradi pamoja na historia yake badala ya kubeba mafaili matupu. Historia hiyo itakusaidia siku ya shida.

Kama unafikiri kutaja majina ya wasaidizi ni mtindo mpya wa vijana wa kompyuta, nenda pale Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone ukae chini ya miembe. Livingstone alifariki Mei 1873. Waliobeba mwili wake na maandishi yake mpaka Bagamoyo walikuwa Susi, Chuma na wenzao, kwa miguu, kwa miezi. Maandishi hayo yalipotoka kama kitabu mwaka 1874, chini ya mhariri Horace Waller, majina ya Chuma na Susi yaliwekwa kwenye ukurasa wa kichwa, kwa kuwa sehemu ya mwisho ilitokana na masimulizi yao. Waliitwa watumishi, na neno hilo linanikera kila nikilikumbuka, maana bila wao kitabu kisingekuwepo. Lakini majina yalikuwepo. Kwa sababu yalikuwepo, leo mtoto wa shule wa Ujiji anaweza kuyauliza. Kuhusu wapagazi wengi waliotembea nao, hatuna hata mstari mmoja wa kuanzia.

5. Sasa jivune

Najua unapenda sifa. Mimi pia. Tusidanganyane, tufanye nayo biashara.

Mteja hakupi zabuni kwa sababu uliandika kila mstari. Anakupa kwa sababu mfumo unasimama na wewe unapokea simu. Sasa fikiria vijana wawili mbele ya kamati ya halmashauri. Wa kwanza anasema nimeandika yote mwenyewe, peke yangu, kwa miezi miwili. Mwenyekiti akiwa na akili atauliza: ukiugua? Wa pili anasema mfumo huu umejengwa juu ya programu inayotumika katika nchi nyingi, waandishi wake ni hawa, leseni zake ni hizi, sehemu niliyoiandika mimi ni hii, na mimi ndiye ninayeijua Kigoma. Yupi anaonekana mkubwa? Orodha ya majina ya wengine imempandisha yeye.

Wakubwa wenyewe wanafanya hivyohivyo. Chukua simu yako ya Android. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayoeleza kuhusu simu, halafu taarifa za kisheria, halafu leseni za programu za wengine. Teremsha kwa kidole. Utachoka kabla hujafika mwisho. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi zimeandika humo majina ya watu ambao msimbo wao uko ndani ya simu. Mama anayepokea malipo ya dagaa Kibirizi amezishika sifa hizo zote mkononi na hajui.

Humo unaweza kukutana na jina la Daniel Stenberg, Mswidi aliyetoa curl mwaka 1998. Ni programu ya kuhamisha data ambayo imeingia kwenye simu, runinga na magari ya dunia nzima. Kwa kuwa leseni yake inataka jina libaki, jina na barua pepe yake vimetokea kwenye skrini za magari, na watu wasiomjua wamemwandikia kumwomba awatengenezee redio ya gari. Hiyo ndiyo sifa. Haikununuliwa kwa tangazo. Ililetwa na watu wengi, kila mmoja akiacha mstari mmoja mahali pake.

6. Ukishakosea, anguka kwa adabu

Utakosea. Utasahau faili, au kijana uliyemwajiri atafuta kitu bila kukuambia. Siku moja itakuja barua kutoka kwa mtu wa mbali: programu yenu ina msimbo wangu, na jina langu silioni.

Usikane, na usiite wakili kwanza. Usijibu kwamba Kigoma ni mbali. Jibu siku hiyohiyo: ni kweli, tumekosea, tunarekebisha, asante kwa kutuambia. Kisha rekebisha. Toleo la tatu la GPL, la mwaka 2007, limeandika huruma hiyo ndani yake: ikiwa ni mara ya kwanza mwenye kazi kukupa taarifa kwamba umevunja masharti, na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu uipokee, haki zako zinarudi zote. Wenye kazi hawataki nyumba yako. Wengi wanataka ule mstari.

Mwenye kukataa anakutana na Robert Jacobsen. Huyu ni mwanafizikia wa Marekani ambaye, pamoja na wenzake, alitengeneza JMRI, programu huria ya kuendeshea treni za mfano, zile ndogo za kuchezea. Mfanyabiashara Matthew Katzer alichukua mafaili yao akayatia kwenye bidhaa yake bila majina yao na bila taarifa ya hakimiliki. Agosti 2008 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli, na anayeyavunja anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki hata kama programu ilitolewa bure. Mwaka 2010 kesi iliisha kwa mapatano, Katzer akikubali kulipa dola 100,000. Kuyaacha majina yale kusingemgharimu chochote.

7. Tia na lako

Mwisho geuza meza. Kitu ulichokitengeneza vizuri, fomu ya kliniki, kikokotoo cha mawese, tafsiri ya programu kwa Kiswahili, kitoe na wewe. Weka leseni, weka mwaka, weka jina lako kamili. Programu iitwayo Ushahidi ilianza hivyo Kenya, Januari 2008, wananchi wakitaka kuonyesha kwenye ramani ghasia za baada ya uchaguzi. Msimbo ukatolewa huria, na baada ya tetemeko la Januari 2010 programu hiyohiyo ilikuwa ikitumika Haiti kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada. Neno la Kiswahili lilivuka Atlantiki likiwa jina la chombo cha kuokoa watu.

Kijana wa Bujumbura, Kalemie au Mpulungu ana ziwa hilihili na shida hizihizi. Atakutana na programu yako usiku, akitafuta njia ya mkato kama wewe. Utataka alikute jina lako pale juu, halafu aliache.

Basi leo jioni, kabla hujalala, fungua mradi wako wa mwisho. Tafuta mafaili ambayo hukuyaandika wewe. Rudisha majina uliyoyafuta, na chini yake andika la kwako.